Waragi kwa Kidonda

Mama Nekesa,

Natumai mko wazima huko Kitale. Malaba kunanyesha na foleni ya malori haisongi. Waya ulinikata mguuni, nikamwagia waragi, ile pombe kali ya Uganda, vile sisi madereva hufanya. Mguu ukavimba. Nesi wa hapa akaniuliza, "Mzee, unaosha kidonda ama unakichapa?" Akasema pombe inaua viini lakini inachoma pia nyama inayopona. Maji ya kuchemshwa na chumvi kidogo yanatoa uchafu bila kuumiza.

Wewe uliniambia hivyo hivyo Nekesa alipoanguka, nikakunyamazisha, nikammwagia spiriti huku analia. Tangu hapo ananificha vidonda vyake. Nilikosea. Mwambie akiumia tena nitashika beseni tu, wewe ndiye utaosha.

Mlale salama,
Baba Nekesa