Mvua Isiyo na Chumvi

Gongoni

Kaka Mangi,

Shikamoo. Huku tu wazima, na mama amepona kikohozi.

Kabibi, yule mwanafunzi wangu anayepata maswali yote, alikuwa ameanza kulala darasani. Juzi akaniambia, "Mwalimu, nataka kuacha shule. Sijifunzi jipya."

Nilishtuka, maana ni kweli. Nikamuuliza, "Mvua hutoka baharini. Mbona haina chumvi?"

Leo amekuja na kikombe cha matone aliyoyakinga kwenye kifuniko alipochemsha maji ya bahari. "Onja, mwalimu! Chumvi imebaki sufuriani." Darasa zima likaonja. Kisha akauliza, "Na bahari yenyewe, chumvi iliitoa wapi?"

Sijui, kaka, na nilimwambia hivyo. Akacheka, akauliza kesho lango la shule litafunguliwa saa ngapi.

Dadako,
Pola