Sukari Ndani ya Kiatu

Al Barsha, Jumanne, Machi 2014

Tena leo nimekuta sukari kwenye kiatu changu. Shosho, bibi kizee, mamake madam ninayemfanyia kazi za nyumbani huku ughaibuni, ndiye huificha. Akili yake imerudi Uingereza ya baada ya vita, sukari ilipokuwa ya mgao na jirani akimwekea jirani. Sasa jirani yake ni mimi.

Nilizoea kucheka. Leo sicheki. Mkufu wa dhahabu wa madam umepotea, na amesema kesho anaita polisi. Nikimtaja mamake, nani ataniamini?

Nimepekua mkoba, godoro, hata kopo la unga. Sijauona.

Nikamuuliza Shosho. Akanishika mkono. "Nimekuwekea, mwanangu. Usimwambie mtu."

"Wapi, Shosho?"

Akafikiri sana. "Kwenye vitu vyako," akasema, kisha akaniomba chai.