Birika la Bi Losalini

Kijiji cha Vunitarawa,
Fiji.
Jumamosi, 6 Machi.

Mpendwa Dada Unaisi,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wale wazee unaowatunza huko ng'ambo, Tamworth, na kwamba mgongo uliokuwa ukikusumbua umepoa. Sisi tupo. Mama yako, Mama Mkubwa Kelera, ni mzima, baba na mama yangu wazima, na wanangu pia, ingawa yule mdogo hakubali kuwekwa chini. Hata nikioga ananing'inia shingoni.

Najua ulipiga ile simu ya watu wa kujitolea ukataka kuongea na baba yako, ukaambiwa hawezi, kisha simu ikakatika. Umekaa na neno hilo tangu siku ile, na mimi nimekaa nikijua kwamba unalo. Simu ile tunapewa kwa zamu fupi, na haya hayasemeki kwa haraka. Ndiyo maana naandika. Boti ya misaada itaibeba barua hadi Suva kesho. Baba Mkubwa yu hai, Dada. Shika hilo kwanza, kisha usome mengine.

Huku hakuna jani. Sisemi majani yamepungua, nasema hakuna jani. Kilima cha nyuma ya shule kimekuwa cha kahawia kama kilichopitiwa na moto, na minazi imebaki nguzo tupu. Nikisimama pale palipokuwa mlango wetu naiona shule ya Nabuli, na nimezaliwa hapa bila kujua kwamba inaonekana kutoka kwetu. Ndege hawalii. Watu wananong'ona mchana kutwa kana kwamba kuna mgonjwa amelala chumba cha pili.

Nyumba yenu haipo. Sentensi hiyo niliiandika katika shajara yangu tarehe 22, na tarehe 23 nikaiandika tena kama ilivyo, maana niliposoma ya jana sikuiamini. Sakafu ipo, na juu yake limesimama jokofu la mtu tusiyemjua.

Sasa la baba yako.

Siku ya kimbunga, yeye kama mwenyekiti wa kijiji alipita nyumba kwa nyumba akituamuru twende kanisani, kwa kuwa kuta zake ni za matofali. Tulikwenda wote. Bi Losalini peke yake alikataa. Alisema nyumba yake ya mianzi ilijengwa na marehemu mumewe na hatatoka. Unamjua, mjane asiye na mtoto, na baba yako ndiye aliyekuwa akimpasulia kuni. Basi akamcheka, akachuchumaa, akambeba mgongoni katika mvua ile, bibi akimpiga begani na kumtukana njia nzima. Sisi tuliokuwa mlangoni tulicheka pia.

Alasiri paa la kanisa liliondoka. Halikung'oka vipande vipande, liliondoka lote, na mbingu ikaonekana. Kisha ukuta wa upande wa mimbari ukalala ndani. Tulitoka wote, isipokuwa Bi Losalini.

Upepo ulipotulia nikatumwa kwake kutafuta mkeka wa kuufungia mwili wake. Dada, nyumba yake ilikuwa imesimama. Hakuna mwanzi hata mmoja uliopinda. Birika lilikuwa juu ya mafiga lina maji ndani, na kando yake kikombe kimefunikwa juu ya sahani, kama alivyokuwa akikiacha siku zote. Nilipogeuka, baba yako alikuwa nyuma yangu, na yeye ameona.

Tangu hapo hakusema neno. Alihudhuria mazishi, kisha akarudi akakaa kwenye kizingiti cha nyumba ile. Haingii wala haondoki. Mama Mkubwa akimpelekea chakula anageuza uso. Maji alikuwa akimiminiwa na Mama Mkubwa kwa kijiko tu, kama mgonjwa. Hakuna aliyemlaumu. Mchungaji alimwambia mbele yetu sote kwamba bila yeye tungezikwa wengi, na ilikuwa kama anaongea na kisiki. Alianza kukonda usoni, na mimi nikaanza kuogopa kwamba tutazika tena.

Wakati huohuo kazi zilitungoja. Tumeunda kikundi cha kujitolea, nami ni katibu wake. Vijana wanafungua njia na kukusanya mabati, wanawake tunapika chungu kimoja cha kijiji kizima. Mashelisheli yote yalikuwa chini, tukayafukia mashimoni yachachuke kama bibi zetu walivyofanya, lakini hata jani la kutandika shimo halikuwepo, tukatandika maturubai.

Boti ya kwanza ya misaada ilileta vijana wa kanisa kutoka Suva. Sasa sikia tulichofanya. Wale, kwa adabu zao, wakatia nanga mbali kidogo wakangoja kupokelewa, na mzizi wao wa kava, ile zawadi ya kuombea kupokelewa, magotini, maana nani ataingia kijiji chenye msiba bila kuitwa? Sisi nasi, kwa adabu zetu, tukakaa ufukweni kumngoja mwenyekiti awapokee, maana nani atampita? Mwenyekiti yuko kizingitini, haoni wala hasikii. Basi tukatazamana, sisi na njaa yetu, wao na mchele wao, jua likapanda likashuka, na hakuna aliyeona kuna ajabu. Mwishowe Mama Mkubwa akakunja sketi akaingia majini hadi kiunoni.

"Mchele hausubiri hotuba," akawaambia. "Leteni."

Ndipo Jumatano wakaja watani wetu wa Nakorolailai. Hao unawajua. Babu zao na babu zetu walikuwa ndugu, basi hawabishi hodi, hawapokelewi, na wakichukua kitu hakidaiwi. Aliyewaongoza ni Makereta, yule mama mwenye sauti ya tarumbeta aliyebeba kuku wako wote siku ya harusi. Walileta misumari, misumeno na magimbi, na matusi yalianza kabla boti haijagusa mchanga.

"Nyinyi wala vichwa vya samaki," akapaza sauti, "mmefagia kijiji mpaka kimekwisha. Mlisikia tunakuja?"

Hakuna aliyecheka. Nilihisi kama nimepigwa kofi. Baadhi ya watu wake wenyewe walitazama chini. Kisha mama yangu akaguna, kicheko kikamtoka, kikageuka kilio, na wengine wakafuata. Ilikuwa sauti kubwa ya kwanza kijijini tangu upepo.

Makereta hakungoja. Alikwenda moja kwa moja hadi kizingitini.

"Mwenyekiti, nimevuka bahari na makalio yamelowa. Hata chai hakuna?"

Makereta akampita, akaingia ndani. Dada, hakuna kati yetu aliyekuwa amethubutu kuingia mle tangu nilipochukua mkeka. Akatoka na birika mkononi, akalitazama huku na huku kama mtu aliye dukani.

"Zuri hili. Nalichukua."

Nikasikia sauti nisiyoitambua, kavu, kama bawaba yenye kutu.

"Weka chini." Ilikuwa ya baba yako. "La Losalini hilo."

"Losalini alikuwa mtani wangu kabla hajawa jirani yako. Nimekuja kumzika, nakuta mmemaliza bila mimi. Siondoki mikono mitupu." Kisha akashusha sauti. "Lakini chai kwanza, Semisi. Siwezi kuiba na kiu."

Baba yako akainuka. Mgeni akiomba, mwenyeji hukaa vipi? Miguu ilimkataa, Mama Mkubwa akataka kumshika, Makereta akamzuia kwa mkono. Baba yako akalipokea birika, akamwaga yale maji ya zamani polepole chini ya mlimau, akachota mengine, akawasha moto. Majani ya mlimau ya kupikia chai hayakuwepo, kwa hiyo yalikuwa maji ya moto tu. Akammiminia katika kikombe cha marehemu.

Makereta akakisukuma nyuma. "Sinywi peke yangu kama mchawi. Anza wewe."

Akanywa. Sote tulimwona koo likipanda na kushuka. Akakaa na kikombe mkononi, kisha akasema, "Alinipiga begani njia nzima."

"Ningekuwepo ningemsaidia kukupiga," Makereta akajibu, na baba yako akalia. Yule mama aliendelea kumtukana taratibu, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, mpaka machozi yakaisha. Kisha akamwekea gimbi la kuchemsha mkononi, naye akala nusu.

Watani waliezeka shule na kuondoka jana. Birika waliondoka nalo. Mimi niliona ni ukatili, nikasema kidogo, baba yako akanitazama kama mtoto asiyejua kitu.

Sitakudanganya kwamba amepona. Bado hapiti njia ya kanisani. Lakini jioni ya jana alimwomba baba yangu msumeno, na leo tangu asubuhi wanaziba mashua yake iliyotobolewa. Nilimuuliza anakwenda wapi. Alisema Nakorolailai, bahari ikitulia. Kwa hiyo usiache kazi, Dada, wala usikate tiketi kwa hofu. Njoo Krismasi kama ulivyopanga. Nguo msitume tena, tumepewa makoti ya baridi na viatu vya visigino. Tuma misumari ya mabati.

Wasalimie Vasemaca na mumewe, na Wafiji wote wa hapo. Mama Mkubwa Kelera anakusalimu, mama na baba yangu wanakusalimu, watoto pia. Na baba yako anakusalimu kwa kinywa chake mwenyewe. Nimemsomea barua hii hadi hapa, hakubadilisha kitu, ila ameniagiza niongeze kwamba yule mwizi ana nguruwe mnono, na kwamba amekwisha kumchagua.

Mungu aliyetuacha hai akuzunguke kila upande huko uliko.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,
Salaseini