Mkate wa Muhogo, Mchana wa Ramadhani

Rutamba, shambani kwa Mdachi

Mama yangu Bi Mwanahawa, huko Kivinje,

Shikamoo, mama. Kifua chako kimetulia? Huku tunasikia vita vimefika Mitole, nami silali vizuri nikiwawaza. Mwili wangu mzima, ila roho mkononi.

Unajua nampikia Mdachi wa shamba la mpira. Mkewe kazaliwa Brazili, na hamu imemshika ya mkate wa kwao. Si wa ngano, mama, wa muhogo! Nikune, nikamue kwa kitambaa, wanga utuame, niuanike. Kisha niukande kwa maziwa ya moto, mayai na jibini, nifinyange vidonge, nitie tanurini. Nilicheka peke yangu jikoni. Kumbe na wao wanakula muhogo!

Juzi mchana nikapeleka sahani mezani. Bwana akaisukuma.

"Muhogo huua," akasema. "Na tangu vita hivi vya maji vianze, nyote mna dawa zenu. Kula wewe kwanza."

"Bwana, nimefunga."

Akamwita askari. Askari mwenyewe Mwislamu, akatazama chini, lakini bunduki kaielekeza kwangu. Nikala. Wallahi nilitafuna huku nalia, na kilichoniudhi zaidi, mkate ulikuwa mtamu.

Bwana akaamuru: kila siku mkate, na kila siku nionje mbele yake. Nitoroke niende wapi? Anayekamatwa njiani bila cheti huitwa mwasi, akanyongwa. Nikaona Ramadhani yangu yote inapotea hivi hivi.

Jana alipoita mchana, nikajikaza. "Bado, Bwana. Wanga wa juzi umekwisha, na huu mpya hauvimbi mpaka jua lizame. Nikiuchoma sasa utakuwa jiwe."

Uongo mtupu, mama! Bwana akamgeukia mkewe. "Ni kweli?"

Bibi yule ameukanda mkate huo tangu utotoni. Akanitazama, akatazama midomo yangu ilivyokauka.

"Kweli," akasema. "Hata kwetu hungoja jua lizame."

Magharibi nikasimama mezani, askari nyuma yangu. Nikachukua kidonge cha moto, nikasema bismillahi kwa sauti, nikafuturu mbele yao wote.

Nisalimie shangazi msuka mikeka, na shemeji yangu, mwambie amwangalie dada wakati huu wa vita. Ramadhani bado mbichi, mama. Ukiswali, niombee bibi yule asichoke kusema uongo.

Mimi mwanao,
Salumu