Mama Sindano, Mwamba Wako Unaota Tena

Leo umetimia mwaka tangu utuache, Shangazi, na kitu cha kwanza nilichogundua nilipoamka ni kwamba vidole vyangu vinanuka siki. Nikacheka peke yangu kitandani. Ndiyo harufu yako.

Watu walikuita Mama Sindano. Miaka sita ulishuka chini ya maji na mtungi wa hewa mgongoni na bomba la sindano mkononi, ukivichoma siki vile viti vya pweza, viumbe vya baharini vyenye umbo la nyota na miiba, vinavyokula matumbawe. Kimoja kimoja. Vikiwa vichache havina neno. Vikizidi, vinauacha mwamba mweupe kama mifupa, na samaki wanahama.

Ulikuwa ukiimba stoo ukijaza siki kwenye chupa, tena vibaya kweli. Mama yangu akilalamika, "Wifi, nyumba inanuka saladi!" unamjibu, "Basi lete kijiko, wifi yangu."

Hatusahau msimu ule wa kwanza, tulipovikatakata kwa visu na kuvitupa palepale majini. Tulishangilia! Miezi michache baadaye vipande vingine vilikuwa vimeota mikono mipya. Wazamiaji wakaanza kunyosheana vidole. Ukasimama ofisini ukasema, "Amri niliitoa mimi. Msitafute mchawi." Kesho yake ukaanza kujifunza kutumia sindano.

Mimi niliyeishia darasa la tano ulinikabidhi daftari la kuhesabia. "Wewe huna maneno mengi," ulisema, "hutanidanganya." Halafu ukanifundisha kuzamia.

Ulipofariki, upande wa kusini wa mwamba ulikuwa bado haujaguswa, na maji yalikaribia kupata joto. Huo ndio wakati vinapotaga mayai kwa mamilioni. Tungechelewa, kazi yako yote ingerudi mwanzo. Wenzako walikaa ofisini wameshika tama. Nahodha wa boti akasema, "Bila Mama Sindano tunakwenda kufanya nini?"

Unanijua. Nilibeba madumu mawili ya siki, nikaenda kukaa kwenye boti. Nahodha akanifuata.

"We Kimya, unakwenda wapi?"

"Kazini."

Akakuna kichwa. "Jamani, kumbe huyu anaongea!" Wakacheka wote, kisha wakaja na mitungi yao.

Shangazi, tuliwahi! Siku ya kwanza tulichoma mia mbili na kumi na vinne. Mwiba mmoja ulinipata kidoleni, mkono ukavimba kama andazi, na sikukosa hata siku moja. Wiki ya tano, maji yakiwa bado baridi, tulikuwa tumemaliza upande wote.

Wiki iliyopita niliuzunguka tena. Vitatu! Vitatu tu, Shangazi! Nilihesabu mara mbili. Na pale palipokuwa mifupa mitupu kuna matumbawe machanga, madogo kama vifungo vya shati, ya zambarau na ya kijani. Nilipiga kelele humohumo majini, nikameza chumvi ya kutosha. Sasa Baba, kaka yako asiyejua hata kuogelea, kila nikirudi ananidaka mlangoni: "Enhe, vifungo vimekua?"

Unakumbukwa na kaka yako. Na wifi yako, ambaye harufu ya siki haimkeri tena. Na wanao mapacha. Na Nahodha na wazamiaji wenzako wote. Na mimi, Kimya wako. Hatutakusahau siku zote za maisha yetu.

Ulipokuwa umelazwa uliniuliza, "Utaweza bila mimi?" Niliinama nikajifanya nanyoosha shuka. Jibu nilikuwa nalo. Niliogopa kwamba ukilisikia utajiona umemaliza, uondoke.

Naweza, Shangazi.