Maji ya Papa Magloire

Goma, tarehe 3 mwezi wa sita

Mama, salamu nyingi. Goti lako linaendeleaje? Mimi niko mzima. Nakutumia chupa moja ya maji anayouza Papa Magloire, mkubwa wangu wa kazi, uonje. Anatafuta chemchemi mpya, naye huchagua kwa ulimi tu. Nitumie maji ya chemchemi yetu. Akiyapenda atanunua mahali pale, atazungusha waya, nami atanipa ukubwa wa waonjaji.

Binti yako, Josiane

Kirolirwe, tarehe 9

Josiane mwanangu, goti linauma, maharagwe yameota, Mungu asifiwe. Nimeonja funda moja la chupa yako, nikaifunga. Ulimi umetafuta, haukukuta mtu. Yetu yana baridi ya jiwe, na ukishameza, utamu unarudi. Nimeyatia katika kibuyu cha maziwa cha jirani yetu Mama Uwingabire, maana maji ya mgeni hayatiwi katika plastiki.

Waya ukizungushwa, sisi tutachota wapi?

Mama yako, Emérita

Goma, tarehe 15

Mama, salamu, na goti lipone. Lakini kweli, Mama, kibuyu cha maziwa? Kile kinachofukizwa moshi wa majani? Papa Magloire ametema mbele ya watu: "Josiane, hii njo maji ao njo moshi ya jikoni?" Tumeyamwaga yote nje. Nimeaibika sana. Nitumie mengine katika chupa ile niliyokutumia. Ioshe, bandua karatasi, basi, usiongeze akili yako. Ya waya tutaongea siku nyingine.

Binti yako, Josiane

Goma, tarehe 28

Mama, habari ya goti? Chupa imefika. Papa Magloire amefumba macho: "Hii maji iko na nguvu ya mulima. Sijaonja ya namna hii." Mimi pia nimeyatambua mara moja, ni yale ya utoto wangu. Unaona, ukisikia neno mambo yanakwenda. Jumamosi anakuja na waya.

Binti yako, Josiane

Kirolirwe, tarehe 1 mwezi wa saba

Josiane, nakusalimia. Goti ni lile lile. Niliuliza tutachota wapi, ukaniambia siku nyingine. Wanawake wa kilima chote wananiuliza mimi, na nimechoka.

Mwambie Papa Magloire abaki na waya wake. Chupa yako niliibandua karatasi, sikuimwaga. Maji aliyoyasifu ni yake mwenyewe. Huyo amenichekesha. Wewe umeniuma, maana umekulia hapa.

Yetu ni yale mliyoyamwaga.

Mama yako, Emérita