King'ora cha Zuhura

Jumatatu, 20 Aprili
Nimefuta tope kwenye sola. Maji ya mto yako chini ya alama nyekundu. Dumu linaelea vizuri. Maji yakilipandisha mpaka kwenye alama, waya zinagusana, king'ora kinalia. Mwanangu Zuhura alinifundisha kabla hajarudi bweni Mikumi. Mimi la nne sikumaliza, lakini hiki nakijua.
Jirani yangu Bi Tatu alikuwa anapalilia mchicha wake ukingoni. Kanitania kama kawaida. Eti mwanangu kamfungia honi shambani, kwani yeye bodaboda?

Jumatano, 22 Aprili
Mwalimu kapiga simu. Ijumaa wanafunzi waliofanya vizuri sayansi wanapewa tuzo hapa Kilosa mjini. Zuhura wa kwanza, kwa sababu ya king'ora. Nimelia jikoni. Furaha mpaka naogopa.
Kasema picha zinatosha. Mimi naona hazitoshi. Wageni waone kazi ya mtoto kwenye karatasi tu?

Alhamisi, 23 Aprili
Siku ya nne hakuna mvua. Jioni nimekifungua chote, dumu, waya, sola. Nimekisugua mpaka kimeng'aa. Kesho jioni nakirudisha.
Bi Tatu kaniazima kitenge chake kipya nivae. Sikumwambia king'ora nimekitoa mtoni.

Ijumaa, 24 Aprili
Zuhura kaja na gari la shule. Shikamoo mama, huku anacheka. Nikakitoa kwenye beseni, nikakiweka mezani. Uso ukambadilika.
"Mama, mtoni kumebaki nini?"
Nikamwambia jua linawaka, mvua iko wapi.
"Si mvua ya hapa, mama. Maji yanatoka milimani."
Wakamwita jina. Kapokea cheti hana hata tabasamu. Makofi mengi.
Saa tisa simu zikaanza kuita ukumbini. Mto umejaa. Nje jua kali vilevile.
Tumekimbia. Shamba la Bi Tatu halipo.

Jumamosi, 25 Aprili
Bi Tatu wamemkuta kwenye matete, chini kabisa ya mto. Kazikwa alasiri. Siwezi kuandika.

Jumatatu, 27 Aprili
Msibani wanasema king'ora hakikulia. Eti tuzo ya uongo, mtoto kadanganya wakubwa. Zuhura kakaa mkekani, kainamisha kichwa. Hajanitaja. Kabeba kosa langu mbele za watu, na mimi nagawa chai.
Nikasimama. Rashidi, mtoto wa marehemu, alikuwa mlangoni.
"Kilikuwa kizima. Mimi ndiye niliyekitoa mtoni, nikakipeleka kikaonekane."
Rashidi kavaa ndala zake, katoka.

Alhamisi, 30 Aprili
Tumekirudisha mtoni, mimi na Zuhura. Kanionyesha tena waya ipi na ipi. Sikumwambia najua. Cheti hataki kitundikwe. Kisha kapanda basi la Mikumi.
Maji yako chini ya alama.
Kitenge nimekifua, kimekauka, nimekikunja. Kipo kitandani. Sijui nimrudishie nani.